Chumvi Chini ya Koili

Transista ya nguvu haifi kimya. Hupasuka kwa mlio wa risasi, kifuniko chake kikaruka, na kipande cheusi kisichofika ukubwa wa punje ya mchele kinaweza kukutoboa shavu. Nina kovu la namna hiyo chini ya jicho la kushoto. Watu wa Burat, mtaa ninakoishi, wanaojua kwamba nilistaafu jeshini huliangalia kwa heshima, wakidhani nililipata vitani, nami siwasahihishi. Ukweli ni kwamba nililipata nikiwa nimekaa kwenye stuli, nimevaa ndara, najaribu saketi niliyoichora mwenyewe.

Jeshini nilikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano. Nilipotoka nilijenga nyumba ya vyumba vitatu, nikaongeza kibanda cha mabati mbele yake, na ndani ya kibanda hicho nikaanza ugonjwa ambao mke wangu anauita mke mwenza: kurusha mawimbi ya redio kwa kujifurahisha tu, kwa leseni. Wenzangu wengi katika mchezo huu hupenda masafa ya juu, ambako waya mfupi na nguvu kidogo vinakufikisha ng'ambo ya dunia. Mimi nikachagua masafa ya chini, ambako wimbi moja lina urefu wa zaidi ya mita mia sita. Mlingoti wowote unaoweza kuusimamisha nyuma ya nyumba ni mfupi mno kwa wimbi hilo, na sehemu kubwa ya nguvu unayoituma huko hupotelea ardhini. Kwa hiyo lazima utengeneze kikuza-nguvu cha kikatili, na chini ya mlingoti uweke koili kubwa ya kuudanganya ujione mrefu.

Vita vyote viko katika hatua ya mwisho ya kikuza-nguvu hicho, pale nguvu inapotokea. Transista mbili hupokezana, moja ikisukuma nyingine ikipumzika, zaidi ya mara laki nne kwa sekunde. Baada yake kuna transfoma ya kuzilinganisha na antena, kisha chujio la koili na kapasita la kusafisha wimbi. Ukikosea idadi ya mizunguko ya waya kwenye transfoma, bonge lake la feraiti, ile kauri nyeusi inayobeba sumaku, hushiba, na likishashiba halizuii tena kitu. Umeme wote huziangukia transista, na ndipo unapousikia ule mlio wa risasi. Nilitoa mabonge ya feraiti kwenye inveta zilizokufa, nikang'oa kapasita kwenye televisheni za zamani zenye mgongo mnene, nikazungusha waya kwa vidole mpaka vikachubuka. Na nilipokosea nilipiga. Nina hasira, sitaficha. Niliwahi kuchukua saketi ya kazi ya wiki tatu, nikaiweka juu ya jiwe la kufulia, nikaiponda kwa nyundo mpaka mke wangu akatoka na mwiko mkononi kuuliza ni nani anauawa.

Kitu kingine nilichojifunza kwa mwili wangu ni kidonda cha masafa hayo. Umeme wa nyumbani hukutupa. Huu haukutupi. Siku moja nilipeleka kidole karibu na kichwa cha koili, cheche ya buluu ikaruka kabla sijagusa, na kabla ya maumivu nilisikia harufu ya nyama choma. Palikuwa na tundu dogo jeupe lililoshuka karibu na mfupa, bila tone la damu. Madaktari wa upasuaji hukata nyama kwa umeme wa masafa ya karibu na hayo hayo. Nilikuwa najua. Ninalisema mapema ili nisije nikajifanya sikujua.

Jirani yangu wa upande wa nyuma alikuwa Mborana wa rika langu, mrefu, mkavu, mwenye fimbo isiyomtoka mkononi hata akinywa chai. Alitoka Korbesa, kijiji cha wafugaji mbali na mji. Watu wenye bunduki waliingia bomani kwao alfajiri, wakampiga risasi kaka yake mlangoni pa zizi, na kabla jua halijapanda ng'ombe wote walikuwa wameswagwa. Alinisimulia mara moja tu, bila kupandisha sauti, huku akivunja kijiti vipande vipande. Siku ya tatu, kaka akiwa amekwisha kuzikwa, ng'ombe mmoja alirudi peke yake. Alikuwa mtamba mwekundu, sikio la kulia limetobolewa na risasi, tundu ambalo ungepitisha kidole. Akasimama mbele ya zizi tupu, akalia.

Huyo ndiye aliyekuja naye mjini juu ya lori. Hakuwa na mwingine. Ukoo wote wa ng'ombe aliokamua mama yake, na bibi yake kabla ya mama, ulikuwa umebaki ndani ya tumbo la huyo mmoja. Alipofika Burat alizaa dume, na dume likafa kwa ukame. Sasa alikuwa na mimba ya pili, miezi saba, na jirani alimwangalia kila asubuhi kama mtu anayeangalia mawingu.

"Huyu akinizalia jike, afande," aliniambia, "mimi nimekuwa mtu tena."

Aliniita afande kwa utani, kwa sababu ya jeshi. Kati ya viwanja vyetu kulikuwa na ua wa miiba, na kwenye ua huo pengo tulilolikata sisi wenyewe. Maziwa yalipokuwepo yalipita upande wetu kwa pengo hilo, na chai na sukuma wiki vilipita upande wao. Karibu na pengo, upande wangu, ndipo uliposimama mlingoti wangu na koili yake, ambayo mwishowe niliisuka juu ya ndoo ya plastiki.

"Hiyo ndoo yako inaimba mpaka wapi leo?" angeniuliza.

"Mpaka Nairobi."

"Na Nairobi inajibu?"

"Bado."

"Basi wewe na mimi ni sawa. Mimi pia niliandikia serikali."

Aliyetakiwa kujibu alikuwa mzee mmoja, mpenzi wa redio kama mimi, anayeishi kwenye kilima nje ya Nairobi. Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Alikubali kunisikiliza kila siku kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni, kwa sababu baada ya hapo majirani zake huwasha taa na televisheni, na kelele za umeme wao zinafunika kila kitu. Mimi nilituma ishara ya dakika mbili mbili, na kompyuta yake ikaitafuta ndani ya mvumo. Kwa miezi minne ujumbe wake kwenye simu ulikuwa ule ule: "Leo hakuna kitu. Tujaribu kesho." Nilifika mahali nikauchukia upole wake.

Tatizo, nilijua, lilikuwa ardhi. Antena fupi ya masafa ya chini hutegemea udongo kurudisha umeme, na kiangazi udongo wa Burat hukauka mpaka unalia ukiukanyaga. Basi nikapigilia fito nane za shaba kuzunguka mlingoti, na kila baada ya siku moja nikazimwagia maji ya chumvi. Nilitumia chumvi ya mawe, ile ile wafugaji wanayowanunulia mifugo sokoni, nikaikorogea kwenye ndoo ya plastiki ya lita ishirini. Baadaye koili yangu ya zamani ilipopasuka kwa joto, niliichukua ndoo hiyo hiyo, nikazungushia waya, ikawa koili mpya. Sikuiosha. Plastiki ni plastiki, nilijiambia.

Mimi ni Mmeru wa juu kabisa, kule kwenye baridi na miraa. Ng'ombe wa kwetu hufungwa bandani, nyasi na chumvi wakaletewa mdomoni. Sikuwahi kumfuata mnyama porini nikaona atakavyotembea nusu siku kwa ajili ya udongo wenye chumvi, na atakavyourudia akishaujua. Mtoto yeyote wa Korbesa angeniambia nisifanye nilichofanya. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikumuuliza mtu.

Sasa kuna kifaa kimoja ambacho lazima nikieleze. Kwenye hatua ile ya mwisho nilikuwa nimeweka relei ya ulinzi. Kazi yake ilikuwa kupima wimbi linalorudi kutoka kwenye antena. Antena ikiwa sawa, nguvu inaenda na hairudi. Antena ikiguswa, ikikatika au ikibadilika, nguvu inarudi nyuma kuja kuziua transista, na hapo relei inakata umeme kabla hujapepesa jicho. Niliiita mlinzi. Niliibuni kwa mwezi mzima, na ndiyo sehemu pekee ya saketi ile ambayo haikuwahi kunitia hasira.

Mpaka nilipoanza kumwaga chumvi. Wiki iliyofuata mlinzi alianza kukata. Kila jioni, muda uleule, karibu saa kumi na moja na nusu, katikati ya ishara: tak. Nilisubiri, nikawasha tena: tak. Baada ya nusu saa hivi aliacha mwenyewe, na saa ya kusikilizwa ikawa imekwisha.

Nilifura. Nikasema ni joto, kwa sababu muda huo mabati ya kibanda yanakuwa yamechemka tangu asubuhi. Nikasuka transfoma upya kwa waya mnene. Tak. Nikabadilisha bonge la feraiti nikaweka mawili pamoja ili yasishibe. Tak. Nikavunja chujio lote nikapiga hesabu upya, nikaweka kapasita za volti kubwa mara mbili, nikaongeza feni, nikaongeza bati la kupozea lenye uzito wa debe la mahindi. Ilikuwa saketi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza maishani. Ungeweza kuipiga shoti kwa bisibisi na isipasuke. Na kila jioni, saa kumi na moja na nusu: tak. Nilirusha koleo likatoboa bati. Nilimtukana mlinzi matusi ambayo mara ya mwisho niliyatumia kwa kuruta. Wiki tano zilipita hivyo, na sikutoka nje hata siku moja, wakati ule, kuzunguka nyuma ya nyumba na kuangalia koili.

Asubuhi moja tu niliikuta imelowa. Nilipitisha mkono kwenye waya, nikahisi ute. Kiangazi kile cha kukausha mate mdomoni, nikasema ni umande. Kisha nikabadili mawazo nikaenda kumkaripia mke wangu kwamba anamwaga maji ya kufulia kwenye mtambo wangu.

"Mimi na hiyo ndoo yako tuna nini?" alisema. "Mimi hata huko nyuma siendi. Itaniua."

Nikaipangusa koili kwa fulana kuukuu, basi.

Saa kumi na moja na nusu, nilikuja kuunganisha baadaye, ndio wakati jirani yangu alipomrudisha ng'ombe kutoka malishoni, kule kando ya laga, ule mto mkavu wa mchanga. Alimwacha na kamba yake shingoni atembee kidogo uani, yeye akaenda kuteka maji ya kumnywesha na ya kutawadha. Ng'ombe alipita kwenye pengo letu. Alilamba ardhi kwenye fito zangu, kisha akalamba ndoo. Ulimi ulipogusa waya mlinzi alikata, upesi kiasi kwamba mnyama hakuhisi zaidi ya kuumwa na mbung'o. Akatikisa kichwa, akalamba tena. Wiki tano mlinzi alikuwa akimlinda, na mimi nikidhani analinda transista.

Jioni ya mwisho nilifika mwisho wa subira yangu, ambao hauko mbali. Nilichukua kipande cha waya, kirefu kama kidole, nikakichomelea juu ya miguu ya relei ili isiweze kukata tena. Kama transista zinataka kufa, zife, nilisema kwa sauti, peke yangu kibandani. Nikavaa hedifoni za kujisikiliza, kisha kwa sababu ya jasho nikazishusha shingoni. Saa kumi na moja na dakika arobaini na nane nikawasha.

Mshale wa umeme ulipanda pale nilipotaka ukasimama. Ilikuwa raha. Mwili mzima ulinisisimka. Sekunde thelathini, hamsini, dakika nzima, hakuna tak. Transista zilikuwa vuguvugu tu. Kisha mshale ukaanza kucheza, ukashuka, ukapanda, ukashuka, na nyuma ya nyumba ng'ombe akalia.

Nilimsikia. Hili ndilo nililoanza kuandika ili niliseme. Haukuwa mlio wa njaa wala wa kuita. Ulikuwa mlio wa mnyama anayechinjwa bila kisu, na ulitoka mahali koili ilipokuwa, na nilijua ulitoka wapi. Niliangalia saa. Zilibaki sekunde arobaini ishara iishe. Ishara ile ikikatwa katikati kompyuta ya mzee haiwezi kuisoma. Miezi minne. Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili nikaiambia saketi, "Shikilia. Shikilia." Akalia tena, na tena. Ishara ikaisha. Ndipo nikazima, nikatoka mbio.

Kamba ya shingoni ilikuwa imejisokota kwenye mguu wa mlingoti. Hakuweza kurudi nyuma. Kila alipojivuta, kamba ilimrudisha kwenye waya, na kila alipogusa alichomwa upya, kwa sekunde arobaini zangu zote. Jirani alikuwa amefika kabla yangu, amepiga magoti kwenye matope ya chumvi, amekumbatia kichwa cha ng'ombe. Povu lililotoka mdomoni lilikuwa la pinki. Ile harufu niliyoisikia kwenye kidole changu ilijaa uwanja mzima.

Na unajua nilisema nini? Mtu wa miaka yangu, ninayekwenda kanisani?

"Ng'ombe wako anafanya nini kwa koili yangu?"

Aliinuka na fimbo ikashuka begani kwangu, nikasikia mfupa ukilia. Ya pili nilikinga kwa mkono. Hapo damu ikanipanda, na badala ya kukubali kipigo changu kama mtu, nikamrukia. Nilimpiga ngumi mdomoni. Akanikaba. Tuliangukia ndoo, waya ukakatika, tukabingirika kwenye chumvi na miiba, wazee wawili wenye mvi, yeye akinipigiza kichwa chini na mimi nikitafuta macho yake kwa vidole gumba. Nilitaka kumuua. Sina neno laini zaidi. Nilitaka afe ili asinitazame.

Mke wangu ndiye aliyetutenganisha, kwa karai la maji machafu ya kufulia.

"Ng'ombe anakufa!" alipiga kelele. "Ng'ombe anakufa na nyinyi mnapigana kama mbwa!"

Jirani aliniachia. Alirudi kwa ng'ombe, akaingiza mkono mdomoni, akautoa ulimi kando taratibu. Upande mmoja haukuwepo. Uliobaki ulikuwa umekatika mistari mistari, mweupe ukingoni, kama nyama iliyosahauliwa kwenye jiko. Ng'ombe hukata majani kwa ulimi. Bila ulimi atasimama katikati ya malisho afe njaa akiyaangalia, na ndama atakufa ndani yake. Jirani alijua hayo yote kabla hajafumba ule mdomo.

"Nishikie miguu ya nyuma," alisema.

Nikashika. Mke wake alikuwa ameleta kisu. Walimlaza, wakamwelekeza kibla, mimi nikiwa nimelala juu ya miguu yake na bega langu linawaka moto. Jirani hakusoma dua mara moja. Alikuwa ameshika lile sikio lenye tundu, kidole chake kikiingia na kutoka.

"Afande," alisema, hanitazami, "wewe hukusikia? Alilia sana. Mimi nilikuwa kisimani nimesikia."

"Nilikuwa na hedifoni masikioni," nikasema.

Akageuka. Hedifoni zilikuwa bado shingoni kwangu, pale pale nilipozishusha mwanzoni, zimejaa matope. Aliziangalia. Kisha akasema "Bismillahi, Allahu akbar," na kisu kikapita mara moja. Damu ilinipiga kifuani ikiwa ya moto. Miguu ilinirusha mara tatu, mara nne, ikalegea.

Sikuondoka. Sikuwa na haki ya kuondoka. Nilisaidia kuchuna, kwa mkono mmoja. Alipopasua tumbo la uzazi alifanya polepole kuliko ilivyohitajika. Ndama alitoka akiwa mzima wa viungo, manyoya mekundu yamelala vizuri kama yamechanwa, kwato bado laini na za rangi ya maziwa. Jirani aliinua mguu mmoja wa nyuma kwa vidole viwili. Akaniita kwa kichwa nisogee nione.

"Jike," alisema.

Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kiti bila kunawa. Muda mfupi baada ya isha mke wa jirani alipita kwenye pengo na sahani iliyofunikwa, akaiweka mlangoni. Kwao mtu akichinja, jirani hupelekewa nyama, apendwe asipendwe. Mke wangu aliifunua. Ilikuwa sehemu nzuri, ya mbavu, yenye mafuta. Alinitazama, nami nikainuka nikaenda kibandani.

Simu ilikuwa kibandani, juu ya meza, karibu na kikuza-nguvu. Kwanza nilizishika transista kwa kidole, kwa mazoea tu. Zilikuwa baridi na nzima zote mbili. Hakuna kilichopasuka wala kapasita iliyovimba. Kisha nikasoma ujumbe wa mzee.

"Hongera! Hongera sana! Nimekupata saa kumi na moja na dakika arobaini na nane. Ulianza na nguvu, baadaye ukawa unatetemeka, lakini nimekusikia mpaka sekunde ya mwisho. Sijui leo umebadilisha nini huko kwako, ila tafadhali usiguse kitu. Acha hivyo hivyo."

Nilichukua koleo nikakata kile kipande cha waya juu ya relei. Mikono ilikuwa bado na damu, ikateleza mara mbili. Kisha nikalia, kwa sauti, na mke wangu hakuja kuuliza ni nani anauawa.

Asubuhi nilitoka na sahani yao, imeoshwa, nimepanga maneno yote njiani: kwamba nilisikia, kwamba hedifoni hazikuwa masikioni, kwamba zilibaki sekunde arobaini na nilizihesabu. Nilifika kwenye ua. Jirani alikuwa ameamka mapema kuliko mimi. Pengo lilikuwa limezibwa kwa matawi mabichi ya mgunga, yamesukwa kwa kubana tangu chini mpaka usawa wa kifua, miiba ikiangalia upande wangu.